Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu dhima ya jinai na haki za mtu aliyekamatwa Lubumbashi

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wakaaji wa Lubumbashi, kuanzia komini za Katuba na Kenya hadi Ruashi na Kampemba, ambao hujikuta mbele ya polisi au parke, yaani ofisi ya waendesha mashtaka, bila kujua sheria inawalinda wapi. Yanategemea Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, jinsi ilivyorekebishwa mwaka 2011, Kanuni ya Adhabu ya tarehe 30 Januari 1940 pamoja na marekebisho yake, na Kanuni ya Mwenendo wa Mashtaka ya tarehe 6 Agosti 1959. Vifungu vimetajwa kwa namba makusudi, kwa sababu mtu anayeweza kumwambia afisa kwa utulivu kwamba anadai kifungu cha 18 cha Katiba husikilizwa tofauti na mtu anayelalamika tu kwamba anaonewa. Kesi yenye uzito bado inahitaji avoka, yaani wakili.

Mume wangu anatafutwa na polisi na hayupo nyumbani. Je, wanaweza kunikamata mimi mpaka arudi?

Hapana. Kifungu cha 17 cha Katiba kinasema wazi kwamba dhima ya jinai ni ya mtu binafsi, na kwamba hakuna anayeweza kushtakiwa, kukamatwa, kufungwa wala kuhukumiwa kwa sababu ya tendo la mtu mwingine. Kanuni hiyo inamlinda mke kwa tendo la mume, mama kwa tendo la mwanawe, mdogo kwa tendo la kaka yake, na hata mwenye nyumba kwa tendo la mpangaji. Kumweka mama wa familia kashoni, yaani mahabusu, ili mume wake «ajilete mwenyewe» ni kumtumia binadamu kama rehani. Hakuna kifungu chochote cha sheria ya Kongo kinachoruhusu jambo hilo, hata kama limezoeleka kiasi gani katika mitaa yetu.

Jambo moja linatakiwa kutofautishwa. Polisi au parke wanaweza kukuita uwe shahidi, na shahidi aliyeitwa kihalali ana wajibu wa kufika na kusema ukweli. Lakini shahidi anahojiwa kisha anarudi kwake. Kabla ya kuitikia mwito, soma jina lililoandikwa kwenye hati na sababu ya kuitwa. Ikiwa jina ni la mume wako, hati hiyo haikuhusu wewe. Ikiwa wanasema wewe mwenyewe umetenda kosa, wakueleze ni tendo gani ulilofanya wewe, siku gani na mahali gani, kwa sababu ndoa peke yake si ushahidi wa kosa lolote.

Familia ikikuta ndugu amezuiliwa badala ya mwingine, mlango wa kugonga ni parke, kwa kuwa maafisa wa polisi ya upelelezi, wale tunaowaita OPJ, wanafanya kazi hiyo chini ya usimamizi wa waendesha mashtaka. Barua fupi yenye jina la aliyezuiliwa, kituo alipo, siku na saa aliyokamatwa, pamoja na kifungu cha 17, ina nguvu kuliko mabishano ya mlangoni. Mbaki na nakala iliyopokelewa kwa sahihi na tarehe.

Mtoto wangu amevunja kioo cha gari la jirani au amempiga mwenzake. Ni mimi nitakayefungwa?

Hutafungwa, lakini huenda ukalipa, na watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Adhabu ya jinai, kama kifungo, inamfuata mtenda kosa peke yake. Kulipa hasara ni jambo la sheria ya madai: kifungu cha 260 cha Kitabu cha Tatu cha Kanuni ya Madai, cha mwaka 1888, kinawafanya baba na mama wajibu hasara iliyosababishwa na mtoto wao mdogo anayeishi nao. Jirani ana haki ya kukudai bei ya kioo. Hana haki ya kuomba ulale kashoni.

Kuhusu mtoto mwenyewe, Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inayomlinda mtoto inasema kwamba aliye chini ya miaka 14 hawezi kwa namna yoyote kuhesabiwa kuwa na dhima ya jinai. Aliye na miaka 14 au zaidi, lakini hajafika 18, anapelekwa mbele ya mahakama ya watoto, ambayo inatoa hatua za kumlea na kumrekebisha badala ya kumhukumu kama mtu mzima. Kama una cheti cha kuzaliwa cha mtoto wako, beba nakala yake unapoitwa. Pale ambapo umri hauna karatasi, mvulana mrefu wa miaka 15 anaweza kuandikwa kuwa na miaka 19, na kusahihisha baadaye kunachukua muda ambao mtoto anaupitia akiwa mahali pasipomfaa.

Nilinunua simu ya mtumba, na sasa polisi wanasema iliibiwa. Je, mimi ni mwizi?

Wizi, kwa kifungu cha 79 cha Kanuni ya Adhabu, ni kuchukua kwa hila kitu kisicho chako. Wewe hukufanya hivyo. Kuna kosa lingine la kupokea au kuficha vitu vilivyopatikana kwa kosa, lakini linahitaji kwamba ulijua, na ni upande wa mashtaka unaopaswa kulithibitisha. Kujua huko hakuthibitishwi tu kwa maneno ya mtu. Mahakama inaweza kuangalia mazingira: bei ya chini kupita kiasi, muuzaji asiye na jina, biashara iliyofanyika usiku pembeni ya barabara. Hivyo basi, unaponunua simu, pikipiki au nyaya za shaba, dai karatasi ya mauzo yenye jina la muuzaji na sahihi ya shahidi. Hata kama huna hatia, kitu chenyewe kinaweza kuchukuliwa kirudishwe kwa mwenyewe, nawe ukabaki kumdai aliyekuuzia.

Kosa la kushirikiana nalo lina mipaka yake. Kifungu cha 21 kinamhesabu kuwa mtendaji yule aliyetoa msaada ambao bila huo kosa lisingewezekana, au aliyewachochea wengine moja kwa moja. Kifungu cha 22 kinamtaja mshiriki aliyesaidia kwa kiasi kidogo huku akijua, ambaye kifungo chake kwa kawaida hakizidi nusu ya kile cha mtendaji. Kukaa meza moja na mtu, kupanda teksi naye au kuwa na namba yake katika simu si ushirika.

Polisi wanaweza kunizuilia kwa muda gani?

Si zaidi ya saa 48. Ni kifungu cha 18 cha Katiba, na hakina neno lolote linaloondoa Jumamosi, Jumapili wala sikukuu. Aliyekamatwa Ijumaa jioni anahesabiwa kuanzia Ijumaa jioni. Saa hizo zikiisha, anaachiliwa au anakabidhiwa kwa mamlaka ya kisheria yenye uwezo, yaani parke. Tena si kila kosa linaloruhusu kuzuiliwa: kwa kawaida OPJ anahitaji dalili nzito za hatia katika kosa ambalo adhabu yake inafika angalau miezi 6 ya kifungo. Ugomvi wa maneno kati ya majirani kwenye bomba la maji haufiki hapo.

Kifungu hichohicho kinakupa mambo mengine, na ni vizuri uyadai kwa mpangilio. Uelezwe mara moja sababu ya kukamatwa, katika lugha unayoielewa. Uelezwe haki zako. Uruhusiwe papo hapo kuwasiliana na familia au avoka wako. Utendewe kwa namna inayohifadhi uhai, afya ya mwili na akili, na heshima yako. Kipigo hakiruhusiwi kwa sababu yoyote ile: Sheria namba 11/008 ya tarehe 9 Julai 2011 imeyafanya mateso kuwa kosa la jinai, na afisa hawezi kujificha nyuma ya amri ya mkubwa wake, kwa kuwa kifungu cha 28 cha Katiba kinamwondolea kila mtumishi wa serikali wajibu wa kutii amri iliyo haramu waziwazi.

Wengi huuliza pia kuhusu pesa ya kutoka. Kuachiliwa baada ya saa 48 hakuuzwi. Faini ambayo sheria inamruhusu OPJ kuipendekeza kwa makosa madogo inaingia katika hazina ya serikali na inatolewa risiti. Pesa isiyo na risiti haifungi faili lako, na hiyo ndiyo sababu wapo waliolipa wakaitwa tena.

Nilihojiwa kwa Kiswahili, lakini karatasi wanayotaka nitie sahihi ni ya Kifaransa. Nifanye nini?

Usitie sahihi kabla haijasomwa na kutafsiriwa kwako neno kwa neno. Kifungu cha 1 cha Katiba kinakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na kifungu cha 18 kinadai lugha unayoielewa. Mama anayeuza unga sokoni Kenya hana aibu yoyote ya kuwa nayo akisema kwamba Kifaransa cha ofisini hakielewi.

Hati hiyo ya mahojiano, ambayo wote tunaiita PV, ndiyo itakayosafiri hadi parke na hadi mbele ya hakimu, wakati wewe mwenyewe huenda usisikilizwe tena kwa majuma mengi. Tofauti kati ya «nilikuwepo» na «nilishiriki» inatokea katika mstari mmoja. Kama kuna sentensi usiyoisema, omba isahihishwe. Ikikataliwa, unaweza kukataa kutia sahihi na kuomba ukataaji huo uandikwe pamoja na sababu yake. Una haki ya kuwa na avoka pembeni yako tangu hatua hii, maana kifungu cha 19 kinataja msaada wa mtetezi katika ngazi zote, pamoja na upelelezi wa polisi, na hata mbele ya idara za usalama. Vilevile hulazimiki kutoa ushahidi dhidi yako mwenyewe wala kukiri kosa: haki hiyo iko katika Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 1976, na kifungu cha 215 cha Katiba kinaipa mikataba ya namna hiyo nguvu kuliko sheria za kawaida.

Ndugu yetu amepelekwa parke, kisha gereza la Kasapa, na hajahukumiwa. Ni halali?

Inaweza kuwa halali kwa muda, kwa masharti. Mwendesha mashtaka akiona dalili nzito anaweza kutoa hati ya kukamata kwa muda, inayojulikana kama MAP. Hapa mjini, ambapo parke na hakimu wako mahali pamoja, mtuhumiwa anapaswa kufikishwa mbele ya hakimu katika siku 5. Hakimu akikubali azuiliwe, uamuzi wake unadumu siku 15, kisha unaweza kurefushwa mwezi mmoja mmoja. Kwa kosa lenye adhabu ya miezi 6 au zaidi, haurefushwi zaidi ya mara tatu mfululizo, na baada ya hapo ni hakimu, katika kikao cha wazi, anayeweza kuruhusu kuendelea.

Sheria yenyewe inasema kwamba kuzuiliwa kabla ya hukumu ni hatua ya pekee, na Katiba inasema uhuru ndio kanuni. Kwa hiyo familia isikae kungoja. Muulizeni avoka tarehe ya uamuzi wa mwisho wa hakimu, mhesabu siku, na siku ya kurefusha ikipita bila uamuzi mpya, mwombe kwa maandishi aachiliwe. Uamuzi wa kumzuilia unaweza kukatiwa rufaa, lakini muda ni saa 24 tu. Kuna pia uhuru wa muda kwa dhamana, ambayo huwekwa kwa njia ya ofisi ya mahakama au parke na risiti hutolewa. Hadi hukumu ya mwisho itoke, ndugu yenu ni mtu asiye na hatia, na anastahili kuitwa hivyo hata nyumbani na kanisani.

Nilikopa pesa nikashindwa kulipa. Mdai anasema atanifunga.

Kushindwa kulipa deni si kosa la jinai. Marufuku ya kumfunga mtu kwa deni ni nzito kiasi kwamba kifungu cha 61 cha Katiba kinaiweka kati ya mambo yasiyoguswa hata wakati wa hali ya kuzingirwa, kama ile iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini na Ituri mwaka 2021. Mdai aende mahakama ya madai.

Hata hivyo kuna makosa mawili yanayokaa karibu na deni, na hapo ndipo faili nyingi hugeuzwa. La kwanza ni kutumia vibaya kitu ulichokabidhiwa kwa kazi maalumu, kwa mfano pesa ya likelemba, yaani mchango wa kupeana kwa zamu, uliyoshika kwa niaba ya wenzako ukaila, jambo linaloangukia kifungu cha 95 cha Kanuni ya Adhabu. La pili ni utapeli wa kifungu cha 98, pale ulipotumia jina la uongo au hila ili upewe pesa. Yote mawili yana kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5. Ndiyo maana karatasi ya mkopo inafaa iandike neno «mkopo», kiasi, tarehe na namna ya kulipa. Na ukiitwa, eleza asili ya pesa hiyo bila kukana deni lenyewe: kukana deni la kweli kunakufanya uonekane tapeli.

Je, polisi wanaweza kuingia nyumbani usiku na kupekua?

Kifungu cha 29 cha Katiba kinasema makao hayavunjwi. Upekuzi unahitaji hati au ridhaa yako, na kwa kawaida hufanyika kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa tatu usiku, isipokuwa hakimu ameruhusu vinginevyo au kosa linatendeka wakati huohuo. Omba hati, soma jina na anwani, kaa pale wanapopekua, na dai orodha ya vitu vilivyochukuliwa.

Tumemshika mwizi mtaani. Tunaruhusiwa kumfanya nini?

Mnaruhusiwa kumshika na kumpeleka. Kifungu cha 6 cha Kanuni ya Mwenendo wa Mashtaka kinampa kila mtu uwezo huo kwa kosa linalotendeka machoni, lenye adhabu ya miaka 3 au zaidi, ikiwa hakuna afisa karibu, kwa sharti la kumfikisha mara moja kwa mamlaka iliyo jirani. Uwezo wenu unakomea hapo. Anayempiga hadi kufa, anayeleta tairi, anayemimina petroli, na anayepaza sauti kwamba achomwe, wote wanaweza kujibu kosa la mauaji, ambalo adhabu yake ni kifungo cha maisha, na adhabu ya kifo ikiwa liliandaliwa mapema. Kusema kwamba «ni watu wote walimuua» hakumwokoi mtu, kwa sababu dhima ileile ya binafsi inayomlinda mke wa mtoro inamfuata kila mmoja katika kundi kwa kile alichotenda kwa mkono wake.

Kujitetea ni jambo jingine. Mahakama zinalikubali ikiwa shambulio linaendelea, si la haki, na jibu halizidi hatari. Mwizi aliyekwisha kufungwa kamba hamshambulii mtu.

Na ninaongeza neno kuhusu watoto wanaoitwa wachawi, kwa kuwa jambo hili linavunja nyumba nyingi hapa kwetu: kifungu cha 160 cha Sheria ya mwaka 2009 kinamwadhibu anayemtuhumu mtoto uchawi kwa kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 3, pamoja na faini. Mchungaji, shangazi au mama wa kambo hana ruhusa ya pekee.

Binti yetu amebakwa, na familia ya mtenda inataka tumalizane nyumbani. Je, inawezekana?

Sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006, namba 06/018 na 06/019, zimefunga njia hiyo. Ubakaji una kifungo cha miaka 5 hadi 20, polisi hawaruhusiwi kuumaliza kwa faini, na cheo cha mtenda hakipunguzi kitu. Uchunguzi unapaswa kwisha katika mwezi 1 na hukumu kutoka katika miezi 3. Mbuzi, mahari au ahadi ya kumwoa havifuti mashtaka. Mpelekeni kwanza hospitali, bila kuoga na bila kufua nguo, ndani ya saa 72 kwa sababu dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi zinahitaji muda huo, kisha mwombe cheti cha daktari.

Hatuna pesa ya avoka.

Chama cha mawakili kina ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo. Chukueni cheti cha umaskini kwenye komini, mkipeleke pamoja na karatasi zote za kesi.

Kosa la zamani linaweza kufufuliwa?

Kifungu cha 24 cha Kanuni ya Adhabu kinaweka muda wa mwaka 1, miaka 3 au miaka 10, kulingana na uzito wa adhabu: mwaka 1 kwa kosa lisilozidi kifungo cha mwaka 1, miaka 3 kwa lisilozidi miaka 5, na miaka 10 kwa yanayozidi hapo. Hatua za uchunguzi zinaweza kukatiza hesabu hiyo.

Nilizuiliwa bila haki. Ninaweza kumshtaki aliyenizuilia?

Ndiyo. Kifungu cha 67 cha Kanuni ya Adhabu kinampa kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 5 anayemkamata au kumzuilia mtu ovyo kwa nguvu, hila au vitisho, na adhabu inapanda ikiwa aliyezuiliwa aliteswa. Andikeni tarehe, saa, majina ya mashahidi na jina la kituo siku hiyohiyo, wakati kumbukumbu bado ni safi, na kama kuna majeraha, mwende kwa daktari kabla hayajapona.

Nimehukumiwa na sikubaliani. Nina muda gani?

Siku 10, kuanzia hukumu iliposomwa mbele yako, au ulipoarifiwa rasmi kama hukuwepo. Hukumu ya mahakama ya amani inakatiwa rufaa mbele ya Mahakama Kuu, na ile ya Mahakama Kuu mbele ya Mahakama ya Rufaa ya Lubumbashi. Rufaa inatangazwa kwenye ofisi ya karani, na aliye Kasapa anaweza kuitangaza akiwa hukohuko kwa mkuu wa gereza. Ombeni karatasi inayoonyesha tarehe ilipotangazwa, kwa sababu ni karatasi hiyo itakayojibu mtu yeyote atakayedai kwamba mlichelewa.